Sikukuu, Tamasha na Zamu ya Usiku: Kalenda ya Sherehe na Historia ya Kazi Nchini Ufilipino

1.0 Utangulizi

Nchini Ufilipino hakuna mwezi usiokuwa na sherehe. Mwaka hufunguliwa na maandamano ya sanamu ya Yesu Mnazareti Mweusi jijini Manila tarehe 9 Januari, na kabla mwezi huo haujaisha miji ya Kalibo, Cebu na Iloilo huwa imekwisha kumsherehekea Mtoto Mtakatifu kwa ngoma na mavazi. Februari ni mwezi wa maua ya Baguio. Hufuata Juma Kuu, kisha mavuno na maandamano ya Mei, Kadayawan ya Davao mwezi Agosti, msafara wa mashua wa Naga mwezi Septemba, vinyago vya tabasamu vya Bacolod mwezi Oktoba na ziara za makaburini mwanzoni mwa Novemba. Mwaka hufungwa na misa tisa za alfajiri zinazotangulia Krismasi. Mtu akiisoma orodha hii peke yake anaweza kudhani kwamba anasoma habari za watu wenye nafasi nyingi ya kupumzika. Hali halisi ni tofauti. Nchi hiyo hiyo imepeleka mamilioni ya watu wake kufanya kazi ng'ambo, na zaidi ya watu wake milioni moja wameajiriwa katika huduma za kampuni za nje, wengi wao wakikesha kuwahudumia wateja walioko upande wa pili wa dunia.

Makala haya yanachunguza uhusiano wa mambo hayo mawili, yaani kalenda ya sherehe na historia ya kazi. Swali kuu ni hili: nani amekuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi ili watu washerehekee, na nani amekuwa akiigharimia siku hiyo? Mijadala mingi kuhusu fiesta za Ufilipino huegemea upande wa utamaduni. Wapo wanaoiona fiesta kama urithi uliodumu, na wapo wanaolalamika kwamba biashara imeiharibu. Makala haya yanadai kwamba mitazamo yote miwili huacha kando jambo la msingi. Tangu karne ya 16 sherehe za Ufilipino zilifungamana na kazi, kodi na mali. Kwa hiyo, kuingia kwa fedha katika sherehe si jambo jipya. Kilichobadilika ni mwenye mamlaka juu ya siku ya mfanyakazi: kutoka parokia, hadi dola, hadi kwa mteja asiyeonekana.

Katika uchambuzi huu, lugha ya Kiswahili inatupatia maneno mawili yanayofaa kutumika kama istilahi. La kwanza ni sikukuu, ambayo umbo lake lenyewe linatangaza maana yake: ni siku iliyo kuu kuliko nyingine, siku iliyotengwa. La pili ni tamasha, neno linalobeba dhana ya jambo la kutazamwa. Sikukuu humhitaji mshiriki. Tamasha humhitaji mtazamaji, na mtazamaji aweza kutozwa kiingilio. Fiesta ya Ufilipino imekuwa vyote viwili kwa viwango tofauti katika vipindi tofauti. Makala yanafuata mpangilio wa kiwakati, yakianzia ukoloni wa Kihispania, kupitia utawala wa Marekani na matamasha ya miji, hadi sheria za kazi na ajira za usiku za wakati huu.

2.0 Chini ya Kengele: Sikukuu na Kazi ya Shuruti

Mwezi Aprili 1521 Ferdinand Magellan alifika Cebu. Mtawala Humabon na jamaa zake walibatizwa, na mke wa mtawala huyo akapewa sanamu ya Mtoto Yesu. Magellan aliuawa katika kisiwa jirani cha Mactan kabla mwezi huo haujaisha, na Wahispania hawakurudi kuweka makazi ya kudumu Cebu hadi mwaka 1565, ulipowasili msafara wa Miguel López de Legazpi. Baada ya mji kushambuliwa na kuteketea, askari waliikuta sanamu hiyo katika nyumba mojawapo, ikiwa imehifadhiwa kwa takriban miaka 44. Sherehe ya Sinulog inayofanyika Cebu kila Jumapili ya tatu ya Januari hujenga uhalali wake juu ya kisa hiki. Kwa mwanahistoria, kisa kinafunza jambo moja la ziada: ibada na utekaji viliingia kwa mlango mmoja.

Tatizo kubwa la utawala mpya lilikuwa kutawanyika kwa wananchi. Watu waliishi katika vijiji vidogo kando ya mito na pwani, na mapadre walikuwa wachache. Sera ya kuwakusanya watu katika miji mikuu ya parokia ililenga kuwaweka mahali ambapo sauti ya kengele ya kanisa ingewafikia. Hata hivyo, wengi hawakutaka kuyaacha mashamba yao. John Leddy Phelan, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu kuhispanishwa kwa Ufilipino, anaonesha kwamba fiesta ilifanya kile ambacho amri ilishindwa kukifanya. Juma Kuu, sikukuu ya Ekaristi na siku ya mtakatifu msimamizi wa mji ziliwavuta watu waliotawanyika waje mjini, walau kwa siku chache. Maandamano, muziki na chakula vilikuwa nyenzo za utawala sawasawa na bunduki na daftari la kodi.

Kalenda hiyo ya watakatifu ilikwenda sambamba na kalenda nyingine isiyotajwa sana katika simulizi za sherehe. Chini ya utaratibu ulioitwa polo, wanaume wenye umri wa miaka 16 hadi 60 walitakiwa kutoa siku 40 za kazi ya shuruti kila mwaka, wakikata miti, wakiunda meli, wakijenga barabara na makanisa. Aliyekuwa na fedha aliweza kulipa ili asamehewe, na machifu wa vijiji hawakuhusishwa. Mwaka 1884 siku hizo zilipunguzwa kuwa 15. Hivyo basi, mkulima wa kawaida alikuwa na siku zilizomilikiwa na dola na siku zilizomilikiwa na mtakatifu. Zilizobaki ndizo zilizokuwa za shamba lake na jamaa yake. Aidha, makanisa ambamo sikukuu ziliadhimishwa mara nyingi yalijengwa kwa mikono ya watu hao hao waliotumikishwa.

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kuiona fiesta ya kipindi hicho kuwa chombo cha mtawala tu. Wakulima waliitia maana zao wenyewe. Katika mji wa Lucban, mkoani Quezon, siku ya Mtakatifu Isidro Mkulima, tarehe 15 Mei, familia hupamba nyumba zao kwa mazao na kwa kiping, yaani vipande vyembamba vya unga wa mchele vilivyotiwa rangi na kukaushwa katika umbo la jani. Asili ya desturi hiyo ni kubarikiwa kwa mavuno. Misa za alfajiri za Desemba, zinazojulikana kama Simbang Gabi, kwa maelezo yanayokubalika na wengi ziliwekwa saa kumi alfajiri ili mkulima asali kwanza kisha aende shambani kabla ya jua kuwa kali. Hapa sikukuu ilijipima kwa saa za kazi, wala haikulazimu kazi isimame. Hoja hii tutairudia katika sehemu ya sita.

Gharama za fiesta ziliwaangukia wenyeji, hasa yule aliyechaguliwa kuwa hermano mayor, mfadhili mkuu wa sherehe ya mwaka husika. Cheo hicho kilileta heshima, na pia kiliweza kuleta madeni. Katika riwaya ya Noli Me Tangere iliyochapwa mwaka 1887, José Rizal anamtumia Tasio, mzee ambaye baadhi ya wenyeji humwita mwanafalsafa na wengine humwita mwendawazimu, kukosoa fedha zinazoteketezwa katika maandalizi ya fiesta ya mji. Ukosoaji huo unathibitisha kwamba mjadala kuhusu sherehe na ubadhirifu ulikuwapo tangu kabla ya maduka makubwa na matangazo ya biashara. Swali la Rizal lilikuwa la kisiasa: ikiwa mji una uwezo wa kukusanya fedha nyingi kiasi hicho, nani anaamua zitumike kwa nini?

3.0 Mwaka 1908: Kanivali ya Wafanyabiashara na Siku ya Wafanyakazi

Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Hispania kwa Mkataba wa Paris wa Desemba 1898, ikafuata vita kali dhidi ya jamhuri changa ya Wafilipino. Utawala mpya ulitenganisha kanisa na serikali, lakini haukuzifuta sikukuu za watakatifu. Ulichofanya ni kuongeza juu yake sherehe za aina nyingine, na mwaka 1908 ni wa kuangaliwa kwa makini katika suala hili.

Mwaka huo ndipo ilipofanyika kwa mara ya kwanza Kanivali ya Manila, ambayo iliendelea hadi mwaka 1939. Kanivali hiyo ilichanganya gwaride, dansi ya vinyago, mashindano ya kumchagua malkia na maonesho ya kilimo, viwanda na biashara. Ilikusudiwa kuonesha uhusiano mwema kati ya mtawala na mtawaliwa, na wakati huo huo kutangaza bidhaa. Hakukuwa na mtakatifu katikati yake. Kwa kutumia istilahi zetu, hili lilikuwa tamasha kamili: mahali pa kutazama, kununua na kutazamwa. Mfumo ambao leo tunauona katika miji mingi ya Ufilipino, yaani gwaride, malkia wa urembo, wafadhili wa kibiashara na maonesho ya bidhaa, una mzizi wake katika Kanivali hii kuliko katika parokia.

Mwaka huo huo wa 1908 sheria iliitambua tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya wafanyakazi. Jambo hili halikuja kama zawadi. Tarehe 1 Mei 1903 maelfu ya wafanyakazi chini ya Unión Obrera Democrática waliandamana hadi ikulu ya Malacañang wakidai haki za kazi na uhuru wa nchi, na kiongozi wao, Dominador Gómez, akakamatwa na kushtakiwa. Siku iliyotambuliwa kisheria miaka mitano baadaye ilikuwa ya kwanza katika kalenda ya nchi hiyo kudaiwa na wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo, mwaka mmoja ulizaa sherehe mbili zenye mantiki mbili. Moja ilimfanya mwananchi kuwa mtazamaji na mnunuzi. Nyingine ilimtambua kuwa mtu mwenye madai. Historia ya karne iliyofuata yaweza kusomwa kama mvutano wa mantiki hizo mbili.

Baada ya uhuru wa mwaka 1946 kalenda iliendelea kuwa uwanja wa siasa. Mwaka 1962 Rais Diosdado Macapagal aliihamisha Siku ya Uhuru kutoka tarehe 4 Julai, ambayo pia ni siku ya taifa ya Marekani, hadi tarehe 12 Juni, siku ambayo Emilio Aguinaldo alitangaza uhuru kutoka kwa Hispania mwaka 1898. Kuhamisha tarehe kulikuwa kutangaza nani anayemiliki kumbukumbu ya taifa.

4.0 Kuzaliwa kwa Tamasha la Mji

Msomaji anayekutana na matamasha ya Ufilipino leo anaweza kuyadhania yote kuwa ya kale. Ukweli ni kwamba ibada nyingi ni za kale, lakini matamasha yenyewe, kwa sura zake za sasa, ni ya nusu ya pili ya karne ya 20. Dinagyang ya Iloilo ilianza baada ya nakala ya sanamu ya Mtoto Mtakatifu kuletwa kutoka Cebu mwaka 1968. Gwaride la Sinulog la Cebu lilianzishwa mwaka 1980 kwa juhudi za ofisa wa serikali aliyeshughulikia vijana na michezo katika mkoa huo. Sherehe ya Davao ilipewa jina la Kadayawan mwaka 1988. Katika mifano hii ngoma ya kiibada, ambayo hapo awali ilichezwa na waumini mbele ya sanamu, iligeuzwa kuwa shindano la vikundi lenye majaji, zawadi na njia maalumu ya kupita.

Matamasha mawili yanaonesha kwamba tamasha la mji mara nyingi huzaliwa na dhiki. La kwanza ni MassKara ya Bacolod, iliyoanza Oktoba 1980. Bacolod ni kitovu cha kisiwa cha Negros, ambacho uchumi wake ulitegemea miwa. Makubaliano yaliyokuwa yakiilindia sukari ya Ufilipino soko la Marekani yalimalizika mwaka 1974, na bei ya sukari duniani ikaporomoka muda mfupi baadaye. Kisha, tarehe 22 Aprili 1980, meli ya abiria Don Juan iliyokuwa ikielekea Bacolod iligongana na meli ya mafuta ikazama, na familia nyingi za Negros zikapoteza ndugu. Miezi michache baadaye wasanii na viongozi wa mji wakaanzisha sherehe ya vinyago vinavyotabasamu. La pili ni Panagbenga ya Baguio, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1995, baada ya tetemeko kubwa la ardhi la tarehe 16 Julai 1990 kuuharibu mji huo na kuvuruga utalii wake. Jina lake, katika lugha ya Kankanaey, linahusu majira ya kuchanua.

Sherehe hizi ziliwarudishia watu moyo, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, mtafiti hana budi kuuliza kinyago kilimfunika nani. Katika mashamba makubwa ya Negros kulikuwapo, na bado kupo, kipindi kati ya msimu mmoja wa uvunaji wa miwa na mwingine kinachoitwa tiempo muerto, yaani wakati mfu, ambapo kibarua hana kazi wala ujira. MassKara huja takriban kipindi hicho kinapomalizika. Mwaka 1985, miaka mitano tu baada ya kinyago cha kwanza kutabasamu, Negros ilikumbwa na njaa, na picha za watoto waliokonda zikasambaa duniani. Tamasha liliubadilisha uso wa mji bila kubadilisha umiliki wa ardhi. Tofauti hii kati ya kinachooneshwa na kinachobaki ndiyo inayotufanya tuhitaji dhana ya tamasha kama zana ya uchambuzi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kulifungamanisha tamasha na bidhaa. Dagupan huadhimisha samaki aina ya bangus, General Santos huadhimisha jodari, na kisiwa cha Camiguin huadhimisha tunda la lansones. Mwaka 2003 kikaanza kivutio kiitwacho Aliwan Fiesta mjini Pasay, ambapo vikundi vilivyoshinda katika miji yao hukusanywa kushindana upya katika eneo la jiji kuu. Katika hatua hii fiesta imeondoka mahali pake na siku yake. Sinulog yaweza kuchezwa mwezi mwingine, mbali na Cebu, mbele ya watazamaji wasiomjua mtakatifu anayesherehekewa. Pia, imekuwa kazi. Mshona mavazi, mpiga ngoma, mchezaji anayefanya mazoezi kwa wiki nyingi na mchuuzi wa kando ya barabara wote wamo katika mnyororo wa uzalishaji wa tamasha. Uzito wa mnyororo huo ulidhihirika wakati wa janga la UVIKO-19. Gwaride la Sinulog lilifutwa mwaka 2021, na maandamano makubwa ya Mnazareti Mweusi yalisitishwa hadi Januari 2024. Waumini waliendelea kusali, lakini waliotegemea kuuza mishumaa, vyakula na mavazi hawakuwa na mbadala wa barabara.

5.0 Bei ya Siku: Sheria za Kazi na Uchumi wa Sikukuu

Pale ambapo parokia iliweza kuitenga siku kwa kengele, dola ya kisasa huitenga kwa sheria na kuiwekea bei. Sheria ya Kazi ya mwaka 1974, iliyotolewa wakati wa utawala wa kijeshi wa Ferdinand Marcos, na kanuni zilizofuata, zinagawa siku katika makundi. Katika sikukuu za kawaida za kitaifa mfanyakazi hulipwa hata asipofanya kazi, na akifanya kazi hulipwa mara mbili. Katika siku maalumu, kanuni ni kwamba asiyefanya kazi halipwi, na anayefanya kazi huongezewa asilimia 30. Tuchukue mfano wa kibarua mwenye ujira wa peso 500 kwa siku. Akifanya kazi siku ya Krismasi atapata peso 1,000, na akipumzika atapata 500. Katika siku maalumu akifanya kazi atapata peso 650, na akienda kusherehekea hatapata kitu.

Mgawanyo huu una matokeo ambayo hayajatiliwa mkazo wa kutosha. Fiesta za miji, ambazo ndizo zilizo karibu zaidi na maisha ya watu, mara nyingi hutangazwa kuwa siku maalumu. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa mshahara wa mwezi husherehekea mtakatifu wa mji wake bila hasara, ilhali kibarua humsherehekea kwa kupoteza ujira wa siku. Kadhalika, maduka na biashara za huduma zenye wafanyakazi wasiozidi tisa hazilazimiki kulipa ujira wa sikukuu. Sheria imeweka usawa wa tarehe lakini haikuweka usawa wa kusherehekea.

Mshahara wa mwezi wa 13 ni ushahidi mwingine. Oktoba 1975 wafanyakazi wa kiwanda cha pombe cha La Tondeña, Manila, waligoma licha ya utawala wa kijeshi. Tarehe 3 Novemba serikali ikatoa Agizo la Rais Na. 823 lililopiga marufuku migomo. Wiki sita baadaye, tarehe 16 Desemba, likaja Agizo Na. 851 lililowataka waajiri kuwalipa wafanyakazi wenye kipato cha peso 1,000 kwa mwezi au chini ya hapo mshahara wa mwezi mmoja wa ziada kufikia tarehe 24 Desemba. Dibaji ya agizo hilo inakiri kwamba kima cha chini cha mshahara hakikuwa kimepandishwa tangu mwaka 1970, na inaeleza kuwa majira ya Krismasi yanafaa kwa jamii kuonesha kuwajali watu wa kazi ili nao washerehekee ipasavyo. Kwa maneno mengine, dola ilifunga mlango wa kudai ujira bora ikafungua dirisha la Krismasi. Sikukuu ilitumika kuituliza kazi. Hata hivyo, kilichotolewa kama hisani kiligeuka kuwa haki: mwaka 1986, chini ya Rais Corazon Aquino, kikomo cha peso 1,000 kiliondolewa, na mwaka 2013 sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ikawajumuisha nao katika malipo hayo.

Kalenda ya taifa pia imepanuka. Sheria ya Jamhuri Na. 9177 ya mwaka 2002 iliifanya Idi el Fitri kuwa sikukuu ya taifa zima, na sheria ya mwaka 2009 ikafanya vivyo hivyo kwa Idi el Haji. Kwa Waislamu wa Mindanao, ambao historia yao ya Uislamu inatangulia kuja kwa Wahispania, hatua hiyo ilikuwa kutambuliwa katika kalenda iliyojengwa juu ya watakatifu wa watu wengine. Kwa waajiri ilileta ugeni mmoja: tarehe hutegemea mwezi na hutangazwa siku zikiwa zimekaribia, jambo ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa.

Mwelekeo wa kinyume ulijitokeza mwaka 2007. Chini ya Rais Gloria Macapagal Arroyo, Sheria ya Jamhuri Na. 9492 iliruhusu sikukuu kadhaa kuhamishiwa Jumatatu iliyo karibu, ili mwisho wa juma uwe mrefu, watu wasafiri na watumie fedha, na viwanda visisimame katikati ya juma. Sera hiyo ilijulikana kama uchumi wa sikukuu. Siku ya Uhuru, siku ya Bonifacio na hata Siku ya Wafanyakazi ziliingizwa katika utaratibu huo, ilhali Krismasi, Ijumaa Kuu na Idi hazikuguswa. Siku zilizowahi kudaiwa kwa maandamano na damu ndizo zilizoonekana kuwa rahisi kusogezwa.

6.0 Zamu ya Usiku na Kalenda ya Mteja

Sheria ya mwaka 1995 kuhusu maeneo maalumu ya kiuchumi ilitoa nafuu za kodi zilizozivutia kampuni za nje, na kuanzia miaka ya 2000 vituo vya kupokea simu za wateja vikaenea Manila, Cebu, na baadaye Bacolod, Iloilo, Davao na Baguio. Ni vyema kuitazama orodha hiyo mara ya pili: ni miji ile ile ya matamasha tuliyoyajadili. Saa tatu asubuhi ya New York wakati wa kiangazi ni saa tatu usiku Manila. Ili soko hili likue, sheria ilibidi ibadilike. Sheria ya Kazi ya mwaka 1974 ilikuwa imewazuia wanawake kufanya kazi usiku isipokuwa kwa vibali maalumu. Mwaka 2011 Sheria ya Jamhuri Na. 10151 iliufuta uzuizi huo na kuweka masharti ya ulinzi wa wafanyakazi wa usiku. Anayefanya kazi kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi ana haki ya nyongeza isiyopungua asilimia 10.

Mabadiliko haya yameleta kalenda ya tatu juu ya zile za parokia na dola. Mteja wa Marekani haijui siku ya Bonifacio wala Sinulog. Kwa wanaohudumia maduka ya Marekani, msimu mzito ni Novemba, baada ya sikukuu ya Shukrani, yaani majira ambayo Mfilipino anajiandaa kwa Simbang Gabi. Malipo ya mara mbili humfanya mfanyakazi kijana mwenye wadogo wa kusomesha aione sikukuu kama fursa ya kipato. Hatuwezi kumlaumu, wala hatuwezi kusema kwamba amechagua kwa uhuru kamili. Hapa ndipo hoja tuliyoiacha katika sehemu ya pili inapopata uzito. Misa ya saa kumi alfajiri iliwekwa kwa ajili ya mkulima aliyeamka. Leo saa hiyo humkuta mfanyakazi wa simu akiwa bado kwenye zamu. Parokia nyingi zimeongeza misa za jioni kuanzia tarehe 15 Desemba, na misa huadhimishwa hata ndani ya maduka makubwa. Kanisa, kama lilivyofanya zamani, linajipima kwa saa za kazi. Tofauti ni kwamba saa hizo sasa haziwekwi na jua wala mvua za nchi hiyo.

Sheria ya kufanya kazi nje ya ofisi ya mwaka 2018, pamoja na uzoefu wa janga la UVIKO-19, imewawezesha baadhi ya wafanyakazi kurudi katika miji yao ya asili. Hata hivyo, kuwa karibu na fiesta si sawa na kuwa ndani yake: ngoma yaweza kupita dirishani wakati mfanyakazi amevaa vipokea sauti masikioni, akijibu swali la mteja.

Hali ya wahamiaji inaukamilisha mjadala huu. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango wa kuwahamasisha Wafilipino wa ng'ambo warudi kuzuru nyumbani, na tangu hapo mhamiaji anayerejea amekuwa sehemu ya kalenda ya Desemba. Katika miji mingi yeye ndiye hermano mayor wa sasa, akigharimia bendi na karamu kwa fedha alizozipata mbali. Lakini anayefanya kazi za ndani au hospitalini Saudi Arabia hufanya kazi tarehe 25 Desemba kama siku nyingine yoyote. Wafanyakazi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walioko katika nchi za Ghuba wanaishi chini ya kalenda hiyo hiyo ya mwajiri. Hivyo, mhamiaji hulipia sikukuu ambayo hawezi kuihudhuria.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kalenda ya sherehe za Ufilipino ni kumbukumbu ya mahusiano ya kazi. Chini ya Hispania, siku ya mtakatifu ilikwenda pamoja na siku 40 za shuruti. Chini ya Marekani, kanivali ya biashara na sikukuu ya wafanyakazi viliingia kalendani mwaka mmoja. Katika miaka ya 1970 na 1980, dola na miji vilitumia Krismasi na tamasha kukabiliana na dhiki ambazo havikuziondoa katika mizizi yake. Leo sheria imeipa kila siku bei yake, na mteja wa mbali ana uwezo wa kuinunua.

Kutokana na matokeo hayo, makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, watunga sera waitazame upya kanuni ya kutolipa siku maalumu, kwa kuwa inawanyima vibarua sherehe za miji yao wenyewe. Pili, watafiti wa sherehe wazipanue data zao ili, pamoja na ngoma, mavazi na idadi ya watalii, wachunguze pia orodha za zamu na hati za mishahara. Gwaride la Jumapili ya tatu ya Januari linaweza kuelezwa kikamilifu pale tu tunapojua nani alipewa ruhusa ya kutoka kazini kulitazama, nani aliruhusiwa bila kulipwa, na nani alibaki kwenye zamu.